Jinsi ya kuweka busta na distoshen ndani ya gitaa la umeme bila kutoboa mbao

Wakuu, kila nikiona mtu anauliza habari za kuweka efekti (saketi za kubadili sauti, kama busta ya kuikuza au distoshen ya kuikwaruza) ndani ya gitaa anakuwa na ndoto kubwa, delei, korasi, rivabu, taa za bluu zinawaka, alafu mwisho wa siku gitaa limetobolewa kama chujio na hakuna anayetaka kulinunua. Mimi msimamo wangu ni huu: ndani ya gitaa weka saketi moja ndogo tu, itumie tundu zilizopo, na betri ikifa katikati ya shoo gitaa liendelee kupiga kama kawaida. Delei na korasi ziache sakafuni kwenye pedali huko, zinakula betri na zina vinobu vingi ambavyo huwezi kuvishika huku unapiga.

Wazo lenyewe sio geni. Vox walikuwa na magitaa yenye distoshen humo humo ndani tangu miaka ya 1960, miaka ya 1970 kukawa na Electra MPC zenye vyumba viwili mgongoni unachomeka moduli ya efekti unayotaka, na Stratocaster ya Eric Clapton ambayo Fender walianza kuiuza 1988 ina saketi ya betri inayopandisha midi (sauti za kati) hadi desibeli 25. Matthew Bellamy wa bendi ya Muse yeye baadhi ya magitaa yake ya Manson yana Fuzz Factory (pedali ya kukwaruza sauti) nzima ndani. Ukiangalia hizo zote, iliyodumu sokoni muda mrefu kuliko wenzake ni ile ya Clapton, na ndio rahisi kuliko zote, kinobu kimoja kinapandisha midi basi.

Tutakachojenga ni busta ya opampu moja (kile kichipu kidogo cha kukuza sauti), yenye geini, yaani kiwango cha kukuza, kuanzia moja (yaani sauti inatoka kama ilivyoingia) mpaka mara 26 hivi, ambayo ni kama desibeli 28. Ukiongeza daiodi mbili za bei ya karanga inakuwa distoshen. Nitaelezea kwa gitaa la aina ya Strat (yaani Stratocaster) maana ndio watu wengi wanayo, hata zile kopi za bei rahisi, mwishoni nitasema kidogo kuhusu yenye hambaka (pikapu za koili mbili).

Kwanini opampu na sio transista moja kama ile busta LPB-1 ya Electro-Harmonix ya 1968 ambayo kila mtu mtandaoni anakuambia uanze nayo? LPB-1 ni nzuri na ni rahisi, ila mlango wake wa kuingilia una ukinzani mdogo, kama kilo-ohm 30 na kitu, pikapu ikikutana na hiyo inapoteza treble, sauti inakuwa na blanketi. Opampu ya TL071 tunaiwekea resista ya mega moja kwenye mlango, pikapu haihisi kitu. Na faida nyingine watu hawaisemi: waya wa gitaa una kapasita yake ndani, kama pikofaradi 100 kwa kila mita, kwahiyo waya wa mita 6 unakula treble kimya kimya. Saketi ikikaa ndani ya gitaa kabla ya waya, hiyo ishu inaisha, hata geini ikiwa chini kabisa utasikia nyuzi za juu zimefunguka. Kuna wanaochukia huo mng'ao, basi ndio maana tunaweka swichi ya kuiruka saketi.

VITU VYA KUTAFUTA

Nairobi nenda Luthuli Avenue, Dar zunguka Kariakoo kwenye maduka ya vipuri vya redio na TV, vitu vyote hivi ni vya kawaida isipokuwa poti ya pushi-puli (kinobu cha kuzungusha ambacho pia ukikivuta au kukisukuma kinakuwa swichi) na jeki ya stereo ya gitaa ambazo inabidi uulizie kwenye maduka ya muziki au uagize.

- IC moja TL071, pamoja na soketi yake ya miguu 8
- resista: 1M mbili, 100k mbili, 10k moja, 4.7k moja (robo wati zinatosha)
- kapasita: 100nF moja, 1µF mbili, 10µF moja, 47µF moja (za volti 16 kwenda juu), na 47pF moja ile ndogo ya seramiki
- daiodi 1N4148 mbili, na 1N5817 moja
- trimpoti ya 100k, ile ndogo inayozungushwa na bisibisi
- poti ya pushi-puli ya 250k
- jeki ya stereo, kichwa cha betri ya 9V, kipande cha verobodi (bodi lenye matundu na njia za shaba), waya mwembamba, na waya wa shildi (wenye wavu wa chuma wa kuzuia mvumo) kama nusu mita

TL061 nayo inakaa pale pale bila kubadili kitu na inakula umeme kidogo zaidi. Ukikuta duka lina TL072 tu, hiyo ina opampu mbili ndani na miguu yake IMEPANGWA TOFAUTI, usije ukaichomeka kwenye soketi uliyoisuka kwa ajili ya TL071 ukategemea miujiza. Ukiitumia: umeme wa chanya unaingia mguu wa 8 badala ya 7, sauti inatoka mguu wa 1 badala ya 6, na ile nusu ya pili unaifunga kwa kuunganisha mguu wa 6 na 7 pamoja na kupeleka mguu wa 5 kwenye nusu volti (nusu ya volti za betri, utaiona Hatua ya 2). Resista na 1N4148 unaweza kuchomoa kwenye bodi bovu la redio, hamna shida, ila kapasita za elektrolaiti za kuchomoa achana nazo, zinakauka kwa umri.

HATUA YA 1: pima nafasi kabla hujanunua chochote

Legeza nyuzi, fungua ile plastiki ya mbele, igeuze taratibu maana waya za jeki na za graundi (ule upande wa hasi unaounganisha vyote) ni fupi. Angalia ndani. Kopi nyingi za Strat zimechimbwa bwawa moja kubwa chini ya pikapu zote, hapo una bahati, betri inakaa bila kelele. Nyingine zimechimbwa vijumba vitatu vyembamba na hapo lazima uwaze. Betri ya 9V ina urefu wa milimita 48.5, upana 26.5, unene 17.5, kata kipande cha boksi la maziwa ukikunje kiwe saizi hiyo hiyo, kiweke ndani, rudisha plastiki, kama inafunga bila kubinuka betri itakaa. Fanya hivyo hivyo kwa poti ya pushi-puli, hiyo inashuka chini karibu sentimita 3 na magitaa yenye mwili mwembamba hayaipokei. Jeki ya stereo nayo ni ndefu kidogo kuliko ya mono, kwenye kile kijibati cha mbele cha Strat mguu wake wakati mwingine unagusa ukuta wa mbao, ukiona hivyo pinda kidogo miguu ya kulehemu, sio lazima uchimbe.

Kule nyuma kwenye springi za tremolo kuna nafasi inayovutia lakini usiweke betri huko, springi zinacheza na waya zitakuja kukatika.

Piga picha waya zote kwa simu kabla hujagusa kitu. Piga kutoka pande zote mbili, na mwanga uwepo.

HATUA YA 2: suka bodi ukiwa mezani, sio ndani ya gitaa

Kata verobodi kama sentimita 3 kwa 4. Weka soketi ya IC katikati, kata njia za shaba chini yake ili miguu ya kushoto isigusane na ya kulia, tumia ncha ya drili ndogo uizungushe kwa mkono tu inatosha, alafu hakikisha kwa mita ya umeme (multimita) kwamba imekatika kweli, yale mabaki madogo ya shaba ndio yanasumbuaga watu siku nzima.

Sasa fuatana na mimi mguu kwa mguu. Kile kidoti au kikato kwenye IC kinaonyesha mguu wa 1, unahesabu kwenda chini upande wa kushoto 1 hadi 4 alafu unapanda upande wa kulia 5 hadi 8.

Umeme: chanya ya betri inapita kwanza kwenye 1N5817 (ule mstari uelekee kwenye saketi, sio kwenye betri) alafu inaenda mguu wa 7. Hii daiodi ni ya kukuokoa siku unabadilisha betri gizani nyuma ya jukwaa ukagusisha kinyume. Mguu wa 4 ni graundi. Kati ya 7 na graundi weka 47µF, chanya juu.

Nusu volti: kutoka mguu wa 7 weka 100k, mwisho wake unganisha na 100k nyingine inayoshuka graundi. Pale katikati zinapokutana ndio nusu volti, pawekee 10µF kwenda graundi. Hii inahitajika kwasababu tuna betri moja tu na sauti inapanda na kushuka, kwahiyo opampu lazima ikae katikati, ipate nafasi ya kwenda pande zote mbili.

Kuingia: waya wa kutoka kwenye volyumu unafika kwenye 100nF, upande wa pili wa hiyo kapasita unaenda mguu wa 3. Kutoka mguu wa 3 weka 1M kwenda kwenye ile nusu volti (SIO graundi, hapa ndipo wengi wanateleza na sauti inatoka kama redio iliyokosa stesheni). Ile 1M ya pili weka kabla ya kapasita, kutoka kwenye waya wa kuingia kwenda graundi, kazi yake ni kuzuia ule mlipuko wa "pap" ukivuta swichi.

Geini: mguu wa 2 na mguu wa 6 waya zake zinaenda kwenye poti ya 250k. Kapasita ya 47pF inakaa hapo hapo kwenye bodi kati ya 2 na 6, inatuliza milio ya juu sana isiyo na maana. Kutoka mguu wa 2 weka 10k, alafu 1µF, alafu graundi, chanya ya kapasita iangalie mguu wa 2. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 250k kwa 10k, jumlisha moja, unapata 26. Ukibadili 10k ukaweka 22k geini inashuka mpaka kama 12, kwahiyo hiyo resista moja ndio usukani wako.

Kutoka: mguu wa 6 unaenda kwenye chanya ya 1µF ya pili, alafu 4.7k, alafu mguu wa juu wa trimpoti. Mguu wa chini wa trimpoti graundi, wa kati ndio sauti inayotoka. Daiodi mbili za 1N4148 zinakaa pale 4.7k inapokutana na trimpoti kwenda graundi, moja imeangalia juu nyingine imeangalia chini.

Miguu ya 1, 5 na 8 haina kazi, iache.

HATUA YA 3: amua kuhusu daiodi

Bila daiodi una busta safi, na hii ndio napendekeza kwa mtu anayepiga dansi au sebene kwenye bendi, maana pale solo inapoingia unachotaka ni kupanda juu ya ridhim na kinanda bila sauti kuchafuka, unavuta kinobu unapiga solo yako unarudisha. Weka geini kama robo ya mzunguko inatosha.

Ukiweka 1N4148 sauti inakatwa ikifika kama volti 0.6 kila upande, hiyo ni distoshen ngumu ya kirok. Ukiweka LED mbili nyekundu badala yake zinakata kwenye volti 1.7 hivi, sauti inakuwa kubwa na inapumua zaidi, na mimi binafsi kwa Strat yenye pikapu za koili moja naona LED ndio zinapendeza, 1N4148 zinabana mno. Daiodi za jemaniamu kama 1N34A zinakata mapema kwenye 0.3 hivi, laini ila zinatoa sauti ndogo, na madukani kwetu kuzipata ni kazi, kwahiyo usijisumbue.

Ukitaka zote mbili, busta na distoshen, weka kiswichi kidogo cha juu-chini kwenye waya wa graundi wa daiodi. Kinahitaji tundu la milimita 6, litoboe kwenye plastiki ya mbele, plastiki ni kitu cha kubadilisha siku yoyote.

HATUA YA 4: jaribu kabla ya kuingiza

Usichomeke IC bado. Weka betri, mita iwe kwenye volti DC, waya mweusi kwenye graundi. Kwenye soketi mguu wa 7 uone karibu volti 9, mguu wa 4 sifuri, na pale nusu volti uone 4.4 hivi. Kama hapo kuko sawa, toa betri, chomeka IC, unganisha poti kwa waya za muda, rudisha betri. Mguu wa 6 unatakiwa kuwa karibu 4.4. Mguu wa 3 mita itakuonyesha chini kidogo, kama 4.0, usishtuke, hapo kuna resista ya mega moja na mita yenyewe inavuta volti chini ikigusa, mita za bei poa zinavuta zaidi. Kama mguu wa 6 uko 8 au uko 1 basi kuna kitu kimeunganishwa vibaya, mara nyingi ni ile 1M ya mguu wa 3 au 1µF ya mguu wa 2 imegeuzwa au imekufa.

Zikikaa sawa, chukua waya wa gitaa ukate ncha moja au tumia jeki mbili za bei rahisi, ingiza gitaa kwenye bodi, toa kwenda amplifaya ikiwa volyumu chini, piga. Hapa ndipo unaseti trimpoti: piga kodi moja ukiwa na saketi na bila saketi, zungusha mpaka tofauti ya sauti iwe ile unayoitaka jukwaani. Kama haitoi sauti kabisa, tafuta sauti ilipoishia kwa kuchukua waya unaoenda kwenye amplifaya, weka kapasita ya 100nF kwenye ncha yake, na uguse na hiyo kapasita mguu wa 3, alafu wa 6, alafu baada ya 1µF, alafu trimpoti, pale sauti inapopotea ndipo penye kosa. Graundi ya huo waya iunganishe na graundi ya bodi, la sivyo utasikia mvumo tu.

HATUA YA 5: swichi na waya za gitaa

Toa poti ya toni ya pili (ile ya chini kabisa karibu na jeki) na weka pushi-puli kwenye tundu lake. Kama tundu ni kubwa kuliko shingo ya poti, tia washa (kile kisahani cha chuma chenye tundu), kama ni dogo tanua plastiki kidogo kwa tupa ya mviringo. Toni iliyobaki hamisha waya wake kutoka kwenye selekta (swichi ya kuchagua pikapu) uupeleke kwenye mguu wa kuingia wa volyumu, hivyo toni moja inafanya kazi kwa pikapu zote tatu. Angalia kapasita ya toni isije ikawa imelehemiwa kwenye ile poti uliyotoa, mara nyingi iko katikati ya poti zote mbili, ihamishe tu kwenye iliyobaki.

Chini ya pushi-puli kuna swichi yenye miguu sita, safu mbili za mitatu mitatu. Miguu ya katikati ndio mikuu. Katikati ya safu ya kwanza unaleta waya kutoka mguu wa kati wa volyumu, ule uliokuwa unaenda kwenye jeki. Katikati ya safu ya pili inaenda kwenye ncha ya jeki. Sasa chukua mita uiweke kwenye ile ya kutoa mlio waya zikiungana, tafuta miguu ipi inaungana na ya katikati kinobu kikiwa CHINI, hiyo miwili iunganishe pamoja kwa kipande cha waya, hapo gitaa linapita moja kwa moja bila kugusa saketi. Miguu miwili inayoungana kinobu kikiwa JUU, wa safu ya kwanza unaenda kuingia kwenye bodi, wa safu ya pili unapokea sauti inayotoka kwenye trimpoti. Basi. Betri ikifa unasukuma kinobu chini unaendelea na wimbo.

Kwenye poti yenyewe tumia mguu wa kati na mmoja wa pembeni, na ule wa pembeni uliobaki uunganishe na wa kati. Usiuache hivi hivi, maana poti ikizeeka na kile kisahani cha ndani kikapoteza mguso kwa sekunde, opampu inakosa njia ya kurudi na inapiga yowe kwenye spika. Ukiona kinobu kinafanya kazi kinyume, hamishia waya upande wa pili.

Waya wa kuingia kwenye bodi na wa kutoka usivipitishe pamoja. Tumia waya wa shildi, shildi iunganishwe graundi upande mmoja tu, na viache nafasi kati yao. Kwa geini ya 26 vikilala pamoja saketi inajisikia yenyewe na inaanza kulia.

HATUA YA 6: jeki na betri

Huu ndio ujanja mzuri kuliko wote na ni wa zamani tu. Jeki ya stereo ina miguu mitatu: ncha, pete, na graundi. Sauti kwenye ncha, graundi ya gitaa kwenye graundi, na waya MWEUSI wa betri kwenye pete. Waya wa gitaa wa kawaida ni mono, hauna pete, kwahiyo ukiuchomeka mwili wake unagusa pete na graundi kwa pamoja na betri inakamilisha njia, ukiuchomoa betri inazimika. Hauhitaji swichi nyingine ya kuwasha.

Ila elewa kwamba saketi inakula umeme muda wote waya ukiwa umechomekwa hata kama kinobu kiko chini. TL071 inakula kama miliampea 1.5 pamoja na vikorombwezo vyake, betri nzuri ya alkalaini ina kama miliampea-saa 500, hiyo ni zaidi ya masaa 300, mwaka mzima wa mazoezi ya kawaida. Ukiacha waya umechomekwa usiku na mchana wiki mbili, imeisha. Betri za bei chee zile za karatasi hazifiki huko na zinavuja maji yanayokula shaba, kwenye redio sawa, ndani ya gitaa usiweke. Betri ikishuka chini ya volti 7 sauti inaanza kuchakaa vibaya, sio uchakavu mtamu.

Betri ivalishe sponji au ifunge kwa velkro, isicheze. Bodi ivalishe mkanda wa insulesheni yote, hasa kama umepiga shildi ya shaba ndani ya gitaa, isije ikagusa. Na kama unaweka shildi tumia mkanda wa shaba, karatasi ya aluminiamu ya jikoni haikubali solda.

Kuhusu kulehemu: pasi ya wati 40 inatosha, solda ya elektroniki ya 60/40, na ule mgongo wa poti ukwaruze kidogo kwa msasa kwanza ndio solda ishike haraka, ukikaa nao sekunde ishirini unapika poti ndani. Usitumie dawa ya kulehemu ya mafundi wa mabati, ina asidi.

MAMBO YA USALAMA, SOMA HAPA

Betri ya 9V haiwezi kukufanya kitu. Hatari iko kwenye amplifaya. Kuna waya unatoka kwenye graundi ya gitaa kwenda kwenye briji (kile chuma kinachoshika nyuzi), maana yake nyuzi zote unazoshika zimeunganishwa na bodi la chuma la amplifaya. Kama amplifaya ina hitilafu na haina athi (waya wa usalama unaoenda ardhini), umeme wa ukutani unakuja mpaka vidoleni, na ukigusa maiki iliyo kwenye mashine nyingine ndio unarushwa. Hizi tabia za kung'oa ule mguu mrefu wa plagi au kuchomeka waya mbili kwa njiti ya kiberiti kwenye ekstenshen, acha kabisa. Na kamwe usitoboe gitaa uweke adapta ya ukutani "kuokoa betri". Waya wa briji usiukate ukidhani unapunguza hatari, utaongeza mvumo tu na tatizo la amplifaya liko pale pale.

KWA MAGITAA YENYE HAMBAKA

Les Paul na jamaa zake ni rahisi hata zaidi maana chumba cha poti kiko nyuma na kina kifuniko chake, unafungua skrubu nne hujagusa nyuzi. Poti za hapo kwa kawaida ni 500k, kwahiyo tafuta pushi-puli ya 500k, badili 10k iwe 22k geini ibaki kwenye 23 hivi, na badili 47pF iwe 22pF, la sivyo treble itakatwa mapema ukipandisha geini. Hambaka zinatoa sauti kubwa, kwahiyo LED badala ya 1N4148, na trimpoti ianzie nusu. Hapo una volyumu mbili, kwahiyo saketi ikae baada ya selekta, kwenye ule waya mmoja unaokwenda kwenye jeki, sio kwenye volyumu mojawapo. Waya huo mara nyingi ni wa shildi tayari, ukate sehemu iliyo karibu na poti, ncha inayotoka kwenye selekta iende katikati ya safu ya kwanza ya swichi na inayokwenda kwenye jeki iende katikati ya safu ya pili, mengine yote ni kama nilivyosema juu.

Telecaster tu ndio itakusumbua, kile kichumba cha poti ni chembamba kama korido na betri haiingii ikiwa na swichi na poti, wengi wanaishia kuchimba chini ya ile plastiki ya mbele. Ukifika hapo mpelekee fundi seremala mwenye ruta (mashine ya kuchimba mbao), usianze na patasi.